Maswali ya Wasomaji: Zimwi Lako Linapumua Vipi?

Safu hii hujibu wanaochora na kuandika hadithi za mazimwi. Mwezi huu barua nyingi zinahusu viumbe waliogeuka: wadudu waliokua kupita kiasi, mamba wenye umeme, watu walioota viungo vipya. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu inamhusu mdudu ambaye kila mkazi wa jiji hili la Nairobi anamjua, na ambaye tayari ana silaha kali kuliko zile ambazo wachoraji humbandika.

Hamjambo wahariri? Ninachora katuni ya Nairobi fly aliyegeuka baada ya kuloa maji machafu ya kiwanda. Ana urefu wa mita 4 kama matatu, anaruka juu ya Barabara ya Outer Ring, anauma watu na kuwatemea asidi. Rafiki yangu anasema haiwezekani. Nimrekebishe vipi bila kumharibu?
*Mchoraji, Pipeline*

Tuanze na ukubwa. Nairobi fly halisi ni mbawakawa mwenye urefu wa milimita 8 hivi, kwa hiyo ukimfikisha mita 4 umemkuza mara 500. Ukikata mguu wake na kupima upana wa pale ulipokata, umeongezeka mara 500 kwa 500, yaani 250,000. Uzito wake nao umeongezeka mara 500 kwa 500 kwa 500, yaani 125,000,000. Mzigo umeipita nguvu ya mguu mara 500, na mguu utavunjika akijaribu kusimama. Wadudu wadogo wana akiba kubwa ya nguvu, ndiyo maana ukimkuza mmoja mara kumi bado msomaji atakuamini. Mara 500 hakuna akiba inayotosha.

Mpunguze awe wa mita 1. Tukimkadiria mdudu halisi kuwa na miligramu 5, wako atakuwa na kilo 10 hivi. Hata hapo umevuka mpaka: kaa wa minazi, ambaye yupo hata kisiwa cha Chumbe huko Zanzibar, ndiye mnyama mzito kuliko wote wa nchi kavu wenye miguu ya viungo na gamba la nje, naye hufikia kilo 4 hivi. Kwa hiyo miguu ifanye mifupi na minene, hasa paja, na ndani ya gamba uchore vijiti vya kuegemeza vinavyotoka ukuta mmoja hadi wa pili. Usinenepeshe gamba peke yake, maana gamba zito ni mzigo juu ya mzigo. Tena huyu wa mita 1 anatisha zaidi. Anapanda ngazi za ploti, anaingia chini ya kitanda, anapenya dirisha la choo. Wa mita 4 angebaki barabarani.

Pumzi ndiyo shida kubwa kuliko miguu. Mdudu hana mapafu. Hewa huingia kwa matundu madogo ubavuni, hupita kwenye mirija inayogawanyika hadi kwenye misuli, na sehemu ya mwisho ya safari hiyo oksijeni husambaa yenyewe bila kusukumwa. Kwa milimita chache njia hiyo inatosha, lakini kwa mita 1 misuli ya ndani itakosa hewa. Miaka milioni 300 iliyopita, hewa ilipokuwa na oksijeni nyingi kuliko leo, waliishi kerengende wenye mabawa ya karibu sentimita 70 kutoka ncha hadi ncha. Nairobi mambo ni kinyume. Tuko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi hapa ina oksijeni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Itumie hali hiyo katika hadithi: Limuru zimwi lako lichoke haraka, na likiteremka kuelekea pwani lizidi kuwa hatari.

Njia ya kulifanya lipumue ipo mwilini mwake tayari. Magamba ya mabawa ya Nairobi fly ni mafupi sana, na tumbo lake refu liko wazi. Ligeuze tumbo hilo liwe pampu. Pingili ziingiane na kuachana kila sekunde, na ndani uweke vifuko vya hewa vinavyofinywa na kufunguka. Unapochora mbio, onyesha pingili zimetanuka hadi ngozi laini katikati yake ionekane. Hapo ndipo panapopenyeka kisu, na msomaji atakuwa amepaona kurasa nyingi kabla ya shujaa kupagundua.

Kuruka, achana nako. Marabu, yule ndege mkubwa wa Barabara ya Mombasa, hufikia kilo 9 hivi, na ili aruke anahitaji mabawa ya zaidi ya mita 2.5 kutoka ncha hadi ncha, mapafu bora na mifupa yenye hewa. Zimwi lako halina hata kimoja. Mabawa yake yabaki yamekunjwa chini ya yale magamba mafupi, ayafungue kwa kutishia tu.

Sasa sumu, na hapa tunakuomba ufute ukurasa wa asidi. Nairobi fly haumi mtu, hachomi, hatemi. Sumu yake, pederini, imo katika damu yake na hutoka anapopondwa. Ikigusa ngozi huzuia seli kutengeneza protini. Mtu hahisi kitu papo hapo. Ngozi huanza kuwaka na kuwa nyekundu baada ya kama siku moja, halafu malengelenge hujitokeza, mara nyingi yakiwa mstari mrefu unaofuata mkono ulivyompangusa mdudu. Akipondwa kwenye mkunjo wa kiwiko, panatokea vidonda viwili vinavyotazamana. Mtu akijisugua jicho kwa vidole vyenye sumu, jicho linavimba.

Fikiria maana yake kwa mdudu wa kilo 10. Kumpiga panga ndiko kunakomfanya awe hatari. Askari anampiga risasi Jumatatu usiku, umati unashangilia, kila aliyerukiwa na damu anaenda kulala. Jumanne usiku ndipo kilio kinapoanza. Shujaa mwerevu hamkati. Anamfunika, anamfungia, na mtu akiguswa na damu anamwosha kwa maji mengi na sabuni bila kusubiri dalili. Nguo zinavuliwa na kufuliwa peke yake.

Kuna jambo jingine wachache wanalijua. Pederini haitengenezwi na mdudu mwenyewe, hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya jike. Jike ndiye mwenye sumu nyingi, na huipitisha kwenye mayai. Hivyo unaweza kuwa na mazimwi mawili yanayofanana kabisa, moja la sumu kali na jingine karibu halina. Na daktari katika hadithi yako anaweza kulishinda kabila zima la mazimwi kwa dawa ya kuua bakteria iliyowekwa kwenye chambo, bila risasi hata moja. Watakaozaliwa watakuwa wakubwa vilevile, ila damu yao haitadhuru.

Rangi usiibadilishe: kichwa cheusi, shingo na kifua vya rangi ya chungwa, magamba ya mabawa ya buluu iliyoiva, tumbo la chungwa lenye ncha nyeusi. Ni rangi za onyo. Akishtuliwa anainua ncha ya tumbo juu. Kumbuka pia kwamba mdudu mzima hakui tena. Anayekua ni buu, anayejivua gamba, halafu anakuwa bundo, ndipo anatoka mzima. Kwa hiyo ukuaji wa kutisha utokee utotoni, na saa chache baada ya kutoka kwenye bundo awe laini na mwenye rangi iliyofifia. Hutokea kwa wingi baada ya mvua na huvutwa na taa usiku. Mtaa ukizimiwa stima, zimwi linapotea njia. Jirani mmoja mwenye jenereta anaweza kuwaponza wote.

Zimwi langu ni mamba wa Mto Nairobi, pale Gikomba, mwenye uwezo wa kurusha radi. Je, samaki wa umeme hufanyaje, na mamba wangu anaweza kumpiga mtu aliye daraja la juu?
*Mwanafunzi, Kahawa West*

Kiungo cha umeme ni misuli iliyogeuka. Kila seli hutoa volti 0.15 hivi, na maelfu yakipangwa mfululizo na kufyatuka kwa wakati mmoja volti zinajumlishwa. Kambare wa umeme wa Afrika, ambaye yuko hadi Ziwa Turkana, hufikia volti 350. Mkunga wa umeme wa Amerika Kusini amepimwa hadi volti 860.

Daraja la juu hapana. Hewa kavu huhitaji takriban volti 30,000 kwa kila sentimita moja ili cheche ivuke. Kwa mita 1 hizo ni volti milioni 3, yaani seli milioni 20 mfululizo. Hata kila seli ikiwa na unene wa moja ya kumi ya milimita, mnyororo huo una urefu wa kilomita 2. Mamba wako apige kwa maji au kwa kugusa: mtu aliyesimama mtoni, uzio wa chuma uliotumbukia majini, mkokoteni wenye chasisi ya chuma gurudumu likiwa tope.

Wengi hukosea mahali pa kuweka kiungo. Wanakiweka mkiani kwa sababu mkia ni mnene. Lakini msuli uliogeuka kuwa betri haukazi tena, na mkia ndio unaomsukuma mamba. Utapata mamba mwenye umeme asiyeweza kuogelea. Mfuate kambare: kiungo chake ni ala inayouzunguka mwili chini ya ngozi. Mvalishe mamba wako ala hiyo kutoka kwapa hadi nyonga, weka tabaka la mafuta kati yake na viungo vya ndani, na mkia uuache ulivyo. Gharama yake ni kiwiliwili kinene na mamba mzito kugeuka.

Halafu fikiria maji yenyewe. Maji safi yana chumvi kidogo na hupitisha umeme kwa shida, ndiyo maana samaki wa mitoni wana minyororo mirefu yenye volti nyingi. Maji yenye taka na chumvi hupitisha kwa urahisi, na volti hushuka haraka. Taa za baharini, ambao ni samaki bapa wa umeme, wana minyororo mifupi mingi iliyopangwa sambamba, volti chache na mkondo mkubwa. Kwa Gikomba tumia mpango huo. Mamba huyohuyo akipanda hadi vijito safi vya juu, pigo lake litakuwa dhaifu. Na baada ya mapigo mfululizo apumzike. Seli lazima zirudishe chumvi zake mahali pake kabla ya kufyatua tena.

Zimwi likikatwa mkono, huota mwingine kwenye fremu inayofuata. Wasomaji wangu wananilalamikia. Iwe muda gani?
*Msomaji, Githurai 45*

Wana haki. Hesabu nyama kwanza. Mkono wa kilo 10 una takriban kilo 2 za protini, na iliyobaki nyingi ni maji. Protini hiyo itoke wapi? Zimwi lazima lile kilo 10 za nyama isiyo na mafuta kwa uchache, kama hakuna kinachopotea, na daima kinapotea. La sivyo likonde mahali pengine: onyesha mapaja yamenywea wakati mkono unaota.

Kwa muda, wafuate salamanda. Kwanza ngozi nyembamba hufunika kidonda, kazi ya siku moja au mbili. Chini yake hukusanyika kifundo cha seli zilizosahau kazi zao za zamani. Kifundo hurefuka, kinakuwa bapa kama kasia, gegedu inajipanga, vidole vinachongoka, mwisho misuli. Ni kazi ya wiki kadhaa hadi miezi. Ukitaka haraka, siku kumi zinaweza kukubalika iwapo zimwi lina joto kali, linakula bila kukoma na halitembei.

Salamanda pia wanakupa udhaifu wa kweli. Ukikata neva inayoingia kwenye kigutu, mkono hauoti. Ukishona ngozi nene kamili juu ya kidonda mapema, hauoti pia. Kwa hiyo mshindi wa zimwi lako anaweza kuwa daktari wa upasuaji mwenye sindano na uzi.

Kama ungependa mnyama wa hapa nyumbani, yuko panya-miiba wa Laikipia. Mwaka 2012 watafiti walieleza jinsi ngozi yake inavyochanika kirahisi mno anaposhikwa. Anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, akatoroka, na ngozi ikarudi na manyoya yake badala ya kovu. Ngozi ya panya wa kawaida ina nguvu mara 20 zaidi ya yake. Mpe zimwi ngozi ya namna hiyo: kila anayelikamata anabaki na ngozi mkononi. Lakini basi hata miiba ya michongoma iwe inalichana.

Mhusika wangu ni fundi wa kuchomelea, miaka 35. Anapigwa na mionzi usiku, asubuhi ana mikono minne na nguvu za fahali. Mwalimu wetu wa bayolojia ameukataa mwanzo huo.
*Mwandishi, Umoja*

Mwalimu yuko sahihi kuhusu mikono, na kuhusu nguvu mna nafasi ya kupatana. Yatenganishe.

Mwili wa mtu mzima una seli zinazokadiriwa kufika trilioni 30. Mionzi haiandiki badiliko moja katika zote. Huvunja jeni huku na kule, kila seli kivyake. Matokeo ya kipimo kikubwa ni kutapika, damu kupungua, maambukizi, kifo, na kwa anayepona, hatari ya saratani miaka ya baadaye. Umbo la mwili huamuliwa kiinitete kikiwa kidogo sana. Nzi wa matunda wanaofugwa maabara wamewahi kuzaliwa na miguu kichwani mahali pa vipapasio, kwa sababu jeni moja inayotoa amri ya kuota mguu iliamka mahali pasipo pake. Hapo ndipo penye mikono minne: kabla ya kuzaliwa.

Ukimzaa hivyo, usibandike mikono ubavuni tu. Mkono hauna kazi bila bega. Chora jozi ya pili ya mifupa ya bega chini ya ile ya kwanza, refusha kifua kwa mbavu mbili tatu, gawanya msuli wa kifua uwe mikanda miwili. Mikono ya chini iwe mifupi na dhaifu, kwani ya juu imechukua nafasi nzuri. Mashati yake yashonwe upya. Wachoraji husahau hilo.

Nguvu ni hadithi nyingine. Kuna protini iitwayo miostatini ambayo huizuia misuli isikue kupita kiasi. Ng'ombe aina ya Belgian Blue wana jeni yake iliyoharibika, na misuli yao imefura mabegani na mapajani. Miostatini inaweza kuzuiwa hata mnyama akiwa mkubwa, misuli ikaongezeka kwa wiki na miezi. Fundi wako anaweza kuanza hivyo: virusi vilivyobeba jeni, homa, kisha miezi mitatu ya njaa isiyoisha. Gharama zake zipo. Mafuta ya mwili yanapungua mno, joto linampanda haraka akifanya kazi, na kano za kuunganisha misuli na mifupa hazikukua sambamba na misuli. Siku atakapoinua gari kwa mara ya kwanza, kinachokatika kiwe kano ya bega lake mwenyewe.

Zimwi la tani 10, mla nyama, linaweza kujificha Karura?
*Msomaji, Kiambu Road*

Kwa mnyama wa damu moto, chukua uzito kwa kilo, ukuze kwa kipeo cha 0.75, zidisha kwa 70. Unapata kalori za siku akiwa amelala tu. Kwa kilo 10,000 ni 70,000, sawa na pakiti 10 hivi za unga wa ugali za kilo 2, au kilo 35 za nyama. Akiwinda, zidisha mara mbili au tatu. Karura, msitu wa takriban hekta 1,000, hauna wanyama wa kumlisha kwa muda mrefu, na kinyesi chake kitawaongoza askari wa msitu. Mfanye wa damu baridi: hitaji hushuka hadi kama sehemu ya kumi, naye anaweza kukaa siku nyingi bila kula. Baridi ya Julai haitamgandisha usiku mmoja kwa sababu mwili mkubwa hupoa polepole, ila wiki nzima ya mawingu itamfanya mzito.

Macho ya zimwi langu yanawaka gizani. Yanaruhusiwa?
*Msomaji wa darasa la saba, Buruburu*

Yanaruhusiwa, mradi kuna taa. Macho ya paka, mbuzi na komba hayatoi mwanga. Nyuma ya jicho kuna utando unaourudisha mwanga ulioingia. Mtu, nyani na nguruwe hawana utando huo, kwa hiyo zimwi lililotokana na nguruwe macho yake yabaki meusi. Penye giza kamili hakuna kung'aa. Na mwanga hurudi ulikotoka: mpe mhusika tochi aishike karibu na macho yake. Akiishika kiunoni, au taa ikiwa kwa mwenzake aliye mbali pembeni, yeye hataona kitu, mwenzake ndiye atakayeona.